Mkwaruzo kwenye Saa ya Thamani: Usikimbilie Msasa

Mtu anapita kando ya nyumba ya kale katika kata ya Dunda, mjini Bagamoyo. Mkono unayumba, saa inagusa ukuta. Ni mguso wa kufumba na kufumbua, lakini jioni, chini ya taa, mstari mwembamba mweupe unaonekana ubavuni mwa kasha. Tangu hapo, mwenye saa akiinua mkono hatazami tena wakati. Anautazama mstari.

Kama saa ingekuwa ya shilingi elfu ishirini, habari ingeishia hapo. Lakini ikiwa ni Omega, Longines au Rolex, zawadi ya kustaafu, urithi wa baba aliyekuwa baharia au jasho la miaka kadhaa ya kazi Muscat, mstari ule unauma. Ndipo mikono inapoanza kutafuta dawa ndani ya nyumba: dawa ya meno, Brasso ya kusafishia shaba, stilwaya ya kuoshea masufuria, na wenye pupa hufika hadi kwenye msasa. Madhara ya kweli huanza hapo. Mkwaruzo wenyewe, mara nyingi, haukuwa umeharibu kitu.

Kwanza ijulikane nani kamkwaruza nani. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu wake kutoka 1 hadi 10. Kanuni yake ni nyepesi: kigumu hukwaruza laini, laini hakikwaruzi kigumu. Talki, ile inayotengenezewa poda, iko 1, na almasi iko 10. Jiwe la matumbawe lililojengewa nyumba za kale za pwani liko 3 na kidogo. Chuma cha pua cha saa kiko karibu na 5 na nusu. Kwa hesabu hiyo, tumbawe peke yake haliwezi kukikwaruza chuma cha saa hata likisuguliwa kutwa nzima. Mkosaji amejificha ndani ya chokaa iliyopakwa juu ya mawe hayo, nayo ilichanganywa na mchanga. Chembe ngumu za mchanga huo ni kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7. Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru na kumwaga maji baharini kaskazini mwa mji, umekuwa ukishusha mchanga kutoka bara tangu kabla Bagamoyo haijawa Bagamoyo.

Mchanga huo hauko ukutani tu. Uko kwenye nyavu zinazokung'utwa ufukweni, kwenye mifuko ya suruali baada ya matembezi ya jioni, kwenye mkeka, na kwenye kitambaa kile kile anachokitumia mtu kufutia saa yake. Anayeifuta saa yenye vumbi la pwani kwa kitambaa kikavu anaipiga msasa bila kujua.

Neno msasa lenyewe lina asili ya kuvutia. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ulikuwa mti, na mti huo bado upo. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao. Yanachokifanya majani hayo kwenye mbao ndicho kinachotokea kwenye chuma: kulainisha ni kukwaruza. Msasa wa chembe kubwa huacha mistari mikubwa, wa chembe ndogo huacha midogo, na dawa ya kung'arishia huacha mistari midogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona. Hapo ndipo watu husema kitu kinang'aa. Mama anayesugua sufuria la aluminiamu kwa mchanga na kumbi la nazi analijua jambo hili kwa mikono yake. Sufuria linameta kama jipya, na kila mwaka linakuwa jepesi zaidi, mpaka siku linapovuja.

Na chuma kinapokwaruzwa, kingi hakipotei. Kinasogea. Ni kama jembe la kukokotwa na ng'ombe linavyopita shambani: udongo unaotoka kwenye mfereji unalala pembeni na kufanya tuta. Mkwaruzo wa saa ni mfereji mdogo wenye matuta madogo kila upande, na ni matuta hayo yanayodaka mwanga na kuufanya uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Sasa fundi anayetaka kuuondoa kwa polishi hana udongo wa kujazia mfereji. Njia yake ni moja: kulishusha shamba zima mpaka liwe sawa na chini ya mfereji. Ukuta ulichukua chuma kidogo sana, pengine haukuchukua kabisa. Tiba imechukua chuma cha ubavu mzima.

Mara moja haitaonekana. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, kingo kali ambazo kiwanda kilizichonga kwa uangalifu zinakuwa za duara kama sabuni iliyotumika. Masikio ya kasha, yaani zile pembe nne zinazoshika mkanda, yanakonda. Matundu yanayopitisha pini za mkanda yanasogea karibu na ukingo. Saa inang'aa sana, na mtu anayezijua saa akiiona anajua papo hapo kwamba imemalizwa.

Soko la saa limekwisha kulitolea jambo hili hukumu. Sultani Qaboos wa Oman, aliyeshika madaraka mwaka 1970, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London zikiwa na nembo ya khanjari, jambia la Oman, na kuzitoa zawadi, zikiwemo zilizokwenda kwa maofisa wa Kiingereza waliomtumikia katika vita vya Dhofar. Leo saa hizo zikiingia mnadani huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi saa za aina ile ile zisizo na nembo. Anayezinunua huanza kutazama kasha: kingo ziko kali? Maandishi ya nyuma bado yana kina? Mikwaruzo ya miaka hamsini haimtishi. Kasha laini kupita kiasi ndilo linalomtia shaka. Tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman kwa dola 17,752,500. Nyuma ya saa ile mkewe, Joanne Woodward, alikuwa amechongesha maneno machache ya kumsihi mumewe aendeshe gari kwa uangalifu. Maneno hayo, kwa macho ya chuma, nayo ni mikwaruzo, na gurudumu la polishi lisingeyabagua.

Kuna sababu nyingine ya kuuheshimu mkwaruzo, nayo haihusiani na fedha. Katika riwaya ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1890, The Sign of Four, mpelelezi Sherlock Holmes anapewa saa ya mfukoni na rafiki yake Watson, na kwa kuitazama tu anayasimulia maisha ya ndugu wa Watson aliyekuwa nayo. Mikwaruzo inayozunguka tundu la ufunguo wa kujazia saa ni ya mkono uliotetemeka kwa ulevi. Namba ndogo zilizokwaruzwa ndani ya kifuniko ni za maduka ya rehani, alikokuwa akiiweka alipoishiwa. Wasomaji wa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale, wanaifahamu akili ya namna hiyo.

Bagamoyo nayo ina saa yake ya ufunguo katika kumbukumbu. Siku ya mwisho ya Aprili 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mmisionari na msafiri David Livingstone alikuwa hoi kitandani. Alimwomba mtumishi wake, Susi, amletee saa yake, akamwelekeza namna ya kukiweka kiganja ili saa ikae vizuri, kisha yeye mwenyewe akauzungusha ufunguo polepole. Usiku huo huo alifariki. Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Yeyote aliyewahi kushika saa ya zama hizo anajua kwamba ufunguo huacha alama zake kando ya tundu, mwaka baada ya mwaka. Ni nani atakayezisugua alama za namna hiyo ili saa ipendeze machoni?

Mafundi wenyewe huacha mikwaruzo ya makusudi. Wengi wao, wakishamaliza kazi, huandika kwa ncha kali ndani ya kifuniko cha nyuma tarehe au namba ya kazi. Saa ya zamani ikifunguliwa, alama hizo ndizo zinazomwambia fundi wa leo ilihudumiwa lini na mara ngapi.

Kioo ni habari nyingine, na kabla ya kushika dawa yoyote ni lazima kujua saa ina kioo gani.

Saa nyingi za zamani, na chache za sasa, zina kioo cha akriliki, ambacho kwa kweli ni plastiki ngumu. Omega Speedmaster iliyovaliwa mwezini Julai 1969 ilikuwa na kioo cha aina hii, kwa sababu kikigongwa hakivunjiki vipande vipande, na chembe za kioo zinazoelea ndani ya chombo cha angani ni hatari kubwa. Akriliki hukwaruzika upesi, hata kwa kifungo cha shati, lakini huponyeka upesi vilevile. Hapa ndipo dawa ya meno inapostahili sifa yake: nyeupe, ya kawaida, yenye chembe laini tu, kidogo kwenye pamba safi, isuguliwe kwa mizunguko midogo dakika chache, kisha ifutwe. Iliyotengenezwa hasa kwa kazi hii, kama Polywatch, hufanya vizuri zaidi. Kasha lifunikwe kwanza kwa utepe wa gundi ili dawa isiguse chuma.

Aina ya pili ni kioo cha madini, kinachofanana na cha dirishani ila kimeimarishwa. Mchanga wa Dunda unakiweza. Kukisugua nyumbani ni kazi bure. Kikiharibika sana, fundi anaweka kipya, na gharama yake si kubwa.

Ya tatu ndiyo inayopatikana kwenye karibu saa zote za bei ya juu za siku hizi, nayo ni yakuti. Si neno la tangazo. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga wa oksidi ya aluminiamu na kuotesha yakuti maabara, na kioo cha saa hukatwa kutoka kwenye jiwe la namna hiyo. Ni madini yale yale yanayochimbwa ardhini katika bonde la Umba mkoani Tanga na Tunduru mkoani Ruvuma, isipokuwa hili halina rangi. Ugumu wake ni 9. Tanzanaiti ya Mirerani, kwa uzuri wake wote, iko kati ya 6 na 7, na mchanga wa ufukweni unaweza kuikwaruza. Yakuti haishtuki. Kati ya vitu ambavyo mtu wa kawaida hukutana navyo, almasi ya pete ndiyo ya kuogopwa zaidi, hasa pete ya mkono wa pili anapokunja mikono.

Kwa nini basi watu huona mistari kwenye kioo cha yakuti? Mara nyingi hicho wanachokiona si mkwaruzo. Saa imegusa bomba, kitasa au ufunguo, na chuma laini kimeacha unga wake juu ya jiwe gumu, kama chaki juu ya ubao. Raba ya kufutia penseli huuondoa. Wakati mwingine kilichokwaruzika ni utando mwembamba unaopakwa juu ya kioo kupunguza mng'ao wa jua, na hapo dawa ya meno huzidisha ubaya, kwa kuwa huuchubua utando wote bila usawa. Lakini ugumu si uimara. Kioo cha yakuti kikianguka juu ya sakafu ya vigae kinaweza kupasuka, wakati akriliki ingeruka na kutulia.

Sasa kasha na mkanda. Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo: pitisha ukucha juu ya mstari. Kama ukucha haukwami, uache. Mikwaruzo hiyo huonekana mingi katika jua la saa sita mchana, na kivulini karibu yote hutoweka. Baada ya miaka miwili au mitatu huungana na mingine na kuwa sura moja ya saa iliyovaliwa, na hakuna mmoja unaojitokeza.

Kama ukucha unakwama, tazama mkwaruzo uko wapi. Uso wa chuma cha saa una namna mbili: kuna unaong'aa kama kioo, na kuna wenye mistari myembamba inayoelekea upande mmoja. Mafundi wazuri huziweka zote mbili kwenye saa moja, na mpaka kati yao ukiwa mkali kama wembe. Mpaka huo ndio unaoharibiwa na mikono isiyozoea. Kishikizo cha mkanda, ambacho hukwaruzika kila siku mezani, ni mahali ambapo mwenye saa anaweza kujaribu akitaka: kinaweza kubadilishwa, na mistari yake huwa imenyooka, hivyo kitambaa laini cha kusugulia kikipitishwa kwa mwelekeo ule ule wa mistari, bila kurudi wala kuzunguka, hurudisha sura. Kasha liachwe. Na saa iliyopakwa dhahabu isiguswe kwa dawa yoyote, kwani utando wake ni mwembamba mno. Yenye rangi nyeusi ni vivyo hivyo. Dhahabu ya karati 18 ni laini na kila polishi huila. Saa ya seramiki karibu haikwaruziki, ila ikigongwa vibaya hupasuka.

Kwa mtu wa pwani kuna adui mkubwa kuliko mkwaruzo, na huyu haonekani. Ni chumvi. Chumvi yenyewe ni laini, ugumu wake ni 2 na nusu, haiwezi kukwaruza chuma. Inakila. Chuma cha pua hujikinga kwa utando mwembamba sana wa kromiamu iliyoungana na hewa, na chumvi hutafuta mahali utando huo ulipo dhaifu: chini ya mkanda, kwenye viungo, kando ya mpira wa kuzuia maji. Huko huchimba vishimo vidogo ambavyo hakuna polishi ya kuviondoa. Watengenezaji wa saa hutumia zaidi chuma kiitwacho 316L, chenye molibdenamu inayosaidia kukabili chumvi, na Rolex walianza mwaka 1985 kutumia 904L, kinachoikabili vizuri zaidi. Hata hicho si leseni ya kuiacha saa na maji ya bahari usiku kucha. Chumvi na jasho zikichanganyika na mchanga ndani ya viungo vya mkanda hufanya uji unaosaga chuma kila mkono unapotikisika. Mikanda ya zamani iliyolegea na kunyooka kama mnyororo imeliwa hivyo.

Dawa yake ni rahisi kuliko ya mkwaruzo. Saa iliyotoka baharini, ikiwa imeandikwa kuhimili mita 100 au zaidi na kifundo chake, kile cha kurekebishia wakati, kimefungwa, ioshwe kwa maji baridi ya bomba, na tone la sabuni ya maji, na mswaki laini wa mtoto kwenye viungo. Kisha ikaushwe kwa kitambaa safi cha pamba, kwa kugusa na si kwa kusugua. Maji ya moto yasitumike, maana hutanua mipira. Iliyoandikwa mita 30 isiingie baharini kabisa. Namba hiyo inahusu matone ya mvua na maji ya kunawa. Na mipira huchoka. Saa ya baba iliyozamia baharini miaka ya 1980 haiwezi kuaminiwa leo mpaka fundi aipime.

Ukifika wakati wa fundi, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kumkabidhi saa. Je, ataitoa mashine ndani ya kasha kabla ya kulisogeza kwenye gurudumu? Asiyeitoa anaitikisa na kuipasha moto mashine yenye vipande vyembamba kama unywele, na vumbi la polishi litaingia. Je, ana picha za kazi zake, zinazoonyesha kingo zilivyobaki? Sonara hodari wa pete na bangili anaweza kuwa na gurudumu zuri sana, lakini pete haina mpaka kati ya mng'ao na mistari, wala haina matundu ya pini. Kwa saa iliyokwisha kukonda, kuna karakana za Ulaya zinazoongeza chuma masikioni kwa kuchomelea na miale ya leza, kisha kuyachonga upya. Kazi hiyo ni ghali na inafaa saa chache.

Jambo la mwisho huwapata wengi wakiwa hawana habari. Saa inapopelekwa kufanyiwa huduma kamili, kusafishwa mashine na kubadilishwa mipira, polishi ya kasha mara nyingi imo ndani ya kazi hiyo bila kuombwa, kwa sababu wateja wengi hupenda kurudishiwa saa inayometa. Mteja ana haki ya kuikataa. Anayepeleka saa yake aandike kwenye karatasi ya mapokezi, kabla ya kutia saini, maneno mawili tu: bila polishi.